Bila Sili, Sili

Kaka yangu aliugua kwa Kiswahili sanifu. Angeugua kwa Kiswahili chetu cha Isiolo, tungemwahi. Watu wakiniuliza aliumwa na nini, nawapa jina la ugonjwa kama daktari alivyolisema, lakini moyoni natamka neno moja tu, nalo ni sili.

Hapa kwetu mtu ambaye hali chakula husema "sikuli". Mwalimu atamwekea alama nyekundu, naye ataandika "sili" kwenye mtihani ili apite, kisha akivuka lango la shule anairudia "sikuli" yake mpaka uzeeni. Mimi pia ni hivyo hivyo. Hapa naandika Kiswahili cha shule kwa sababu kalamu ina haya, lakini mdomoni nina kile cha sokoni, chenye Kiborana kidogo, Kiturkana kidogo, na Kimeru cha kununulia viazi. Katika Kiswahili hicho sili ni kitu kimoja tu: pete ya mpira inayozuia mafuta au hewa isitoke kwenye mashine. Nakijua kitu hicho vizuri, maana ndicho kinachonilisha.

Mimi ni fundi wa panchari. Banda langu liko kando ya barabara kubwa ya kwenda Moyale, upande ambao jua la mchana linapiga bila huruma. Nimeziba magurudumu ya malori ya ng'ombe, ya mchanga, ya serikali na ya mapadri. Marehemu mume wangu aliniachia kompresa, na badala ya kuiuza kama shemeji zangu walivyonishauri, nikajifunza kuitumia. Mteja mgeni bado huniangalia akaniuliza fundi yuko wapi. Zamani nilikuwa nawajibu vibaya. Siku hizi nachukua jeki na kunyamaza, maana kuwaeleza kunachosha kuliko kuinua lori.

Kaka yangu aliondoka hapa kijana, akarudi mzee. Miaka yote ya katikati aliipitisha Mombasa, kwenye yadi ya kutengeneza paleti za kubebea mizigo ya bandarini. Mke wake alibaki huko, na hiyo ni hadithi yao. Alirudi baada ya serikali za kaunti kuja, wakati kila kona ya Isiolo ilikuwa na rundo la mchanga na bango la mradi. Alikuwa amesikia kwamba madarasa ya chekechea yanajengwa mpaka Garbatulla na Sericho, na kwamba mafundi wa mbao wanatafutwa. Alishuka na vitu viwili alivyovithamini: bunduki ya misumari, ile inayotumia hewa, na Kiswahili chake.

Kiswahili hicho kilituchekesha sana. Alisema "naam". Alisema "yavuja" na "waniudhi". Akienda kununua nyanya, akina mama wa sokoni walijifanya hawakusikia ili arudie swali. Yeye hakukasirika, alirudia, tena polepole, kama mtu anayewafundisha. Mimi ndiye niliyekuwa nakasirika. Nilimwambia, "Wewe ulizaliwa hapa hapa, nyuma ya hiyo duka, wacha kutuletea bahari." Akanijibu kwamba lugha ni kama nguo, mtu akipata nzuri hana sababu ya kurudi kwenye matambara. Basi nikamwacha na nguo yake.

Bunduki nayo ilifika ikiwa mbovu. Aliileta bandani siku ya pili tu, kwa sababu mimi nilikuwa na hewa na yeye hakuwa nayo. Ilikuwa mashine nzito, imechubuka rangi yote, na mpini wake umevikwa mpira wa baiskeli. Nilipoiunganisha na kompresa ikaanza kupiga mluzi kabla hata hajagusa triga. Kompresa ikawa haipumziki. Ikijaza, bunduki inamwaga, ikijaza tena, inamwaga tena, na sauti ile ilinipanda kichwani mpaka nikazima umeme.

"Dada, bunduki yavuja," akasema.

"Nasikia. Mimi si kiziwi."

Hakucheka. Akaniambia kwamba bega lake la kulia lilikuwa limekwisha. Paleti zilikuwa zimelila. Hawezi kupiga nyundo tena, akiinua mkono juu ya kifua anaona nyota. Bila bunduki ile yeye si fundi, ni mzee tu aliyerudi kwao mikono mitupu. Alisema hayo akiwa ameangalia chini, na nilijua kwamba hajamwambia mtu mwingine. Nikachukua beseni.

Mtu wa panchari anatafuta tundu kwa maji na sabuni, na hewa ni hewa, haijali iko ndani ya gurudumu au ndani ya bunduki. Kwanza nilimwambia aondoe misumari yote, kwa sababu sikutaka kupigwa msumari na ndugu yangu mwenyewe. Kisha nikapaka povu kila mahali na kufungua hewa kidogo kidogo. Kwenye triga hakuna kitu. Mdomoni, pale msumari unapotokea, hakuna kitu. Lakini kwenye kifuniko cha juu povu lilifura, likapasuka, likafura tena. Nikajua ni sili za juu, zile zinazoishikilia hewa ikingoja kusukuma pistoni.

Nilifunga hewa, nikachomoa paipu, nikafyatua triga ili kumaliza hewa iliyobaki. Nikalegeza skrubu za kifuniko kwa ufunguo wa pembe sita, moja hapa, nyingine ng'ambo yake, ili kifuniko kisipinde. Ndani kulikuwa na uchafu mweusi kama masizi ya sufuria. Pete za mpira zilikuwa zimekauka, zimekuwa bapa upande mmoja, na ya ndani kabisa ilikuwa imepasuka. Nilizing'oa kwa waya wa gurudumu la baiskeli niliouchonga na kuukunja ncha. Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nikakata pete mpya kutoka kwenye tyubu ya lori, nikaipaka samli ili iteleze, kwa sababu jirani yangu muuza maziwa alisema samli inalainisha kila kitu, ngozi, vibuyu, hata magoti ya wazee. Kwa siku mbili bunduki ilikuwa kimya na mimi nikajisifu. Siku ya tatu pete ilikuwa imevimba kama ulimi wa ng'ombe, pistoni imekwama, na banda zima linanuka maziwa yaliyochacha.

Ikabidi twende kwa muuza spea, Mmeru mmoja mwenye maneno mengi, ambaye duka lake lina kila kitu isipokuwa mahali pa kusimama. Kaka yangu aliweka zile pete kuukuu juu ya meza, akazinyoosha kwa kidole, akasema kwa sauti yake ile ya redio, "Bwana, nisaidie. Bila sili, sili."

Muuza spea hakuelewa. Kaka akamfafanulia: bila sili, mimi sili, yaani sili chakula. Mmeru alicheka mpaka akashika rafu. Alimwita jirani aje asikie. Kuanzia siku hiyo kila nilipopita mbele ya duka lile aliniitia kwa sauti, "Mama, bila sili?" na mimi nilitakiwa kumjibu, "Sili!" Nilimjibu kila mara, hata nikiwa nimechoka hoi, kwa sababu usipomjibu anakufuata mpaka barabarani.

Kwa hiyo neno lilikuwa limeshageuka mzaha wa mji. Ndiyo maana nalieleza kwa urefu. Mtu akishazoea kucheka neno, halisikii tena.

Pete mpya zilikaa sawa. Nilipangusa silinda kwa kitambaa kikavu, nikazipaka grisi nyembamba ile ya mipira, nikazisukuma mahali pake kwa kidole gumba bila kuzipinda, nikakaza skrubu kwa kupishana kama mwanzo. Nilipofungua hewa, kompresa ilijaza, ikanyamaza, ikabaki kimya. Kaka akachukua ubao, akaweka mdomo wa bunduki juu yake, akasukuma. Pah! Msumari ukazama wote. Akapiga mwingine, na mwingine, bila kuinua bega. Nilimwona akitabasamu kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Nilifurahi pia, sitadanganya.

Akapata kazi Garbatulla, ya kuunganisha kenchi za paa la madarasa. Kenchi huunganishwa chini kisha hupandishwa, hivyo bega lake lingeweza. Mjengaji alikuwa na kompresa na jenereta huko huko. Nilimfungia vifaa, nikamwekea pete chache za akiba, nikampa onyo moja tu: asitie mafuta ya injini kwenye ile bunduki, yanaivisha mpira. Akasema naam. Akapanda lori la saruji akaenda.

Garbatulla si mbali kwa ramani, lakini mtandao wa simu huko una tabia zake, na barabara pia. Tulizoea kuandikiana. Ujumbe wake wa kwanza ulikuwa: "Dada, sili ya juu imekwisha, nitumie." Nikatuma kwa gari la miraa, ambalo huenda upande ule kila siku kwa kasi ya mwendawazimu. Akajibu asante, bunduki imetulia.

Baada ya muda akaandika tena: "Dada, sili."

Nikacheka. Nikaenda dukani, Mmeru akaniimbia wimbo wake, nikanunua, nikatuma. Hakujibu asante. Nikasema moyoni, mzee huyu amezoea kutumiwa vitu sasa.

Halafu akapiga simu mchana mmoja nikiwa chini ya lori. Laini ilikuwa inakatika. Nilisikia, "Dada... sili... wiki hii yote..." kisha upepo. Nikapaza sauti, "Nimekutumia! Angalia kwa gari ya miraa!" Kisha akasema, "Haya, dada," na simu ikakatika. Nikarudi chini ya lori. Dereva alikuwa ana haraka na mimi mgongo uliniuma.

Ujumbe wa mwisho ulikuwa maneno matatu: "Dada, sili kabisa."

Hasira zilinipanda. Sili kabisa! Yaani zote zimekwisha, hata zile nilizotuma juzi. Nilijua sababu bila kuuliza: anatia mafuta ya injini. Mtu niliyemwonya kwa kinywa changu, mtu mzima, anaharibu pete kama mtoto anavyomaliza peremende, na mimi hapa ndiye wa kukimbia dukani kuchekwa. Nikasema safari hii sitatuma, nitapeleka mwenyewe, nimfungulie ile mashine mbele ya macho yake, nimwonyeshe mpira ulioiva, nimwaibishe. Nilifunga banda. Nikaomba lifti kwenye lori la mtu niliyemzibia magurudumu miaka mingi, nikakaa mbele na mfuko wa pete mapajani, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Yalikuwa maneno mazuri. Mavumbi yalinijaa menoni na nyonga ziligongwa mpaka zikafa ganzi, na kila shimo liliniongezea sentensi moja.

Nilipofika kwenye ule mjengo sikumwona mara moja. Aliyenipokea alikuwa mama wa hoteli, mwanamke wa Kiborana aliyekuwa akiwapikia mafundi chini ya mabati kando ya kiwanja.

"Salaam aleikum, mama. Wewe ni dada ya ule mzee ya Mombasa?"

"Aleikum salaam. Ndiyo. Iko wapi?"

"Iko kwa mbao. Mama, kwanza kunywa maji."

Sikutaka maji. Nilipita. Kaka alikuwa amekaa juu ya kenchi moja iliyolazwa chini, amevaa koti lake kubwa la kazi juu ya sweta, kwenye jua lile. Niliona sweta nikadhani ni uzee. Nilimsalimia nusu nusu, nikachukua bunduki kutoka miguuni pake. Nikaomba beseni, maji, sabuni. Mafundi wengine wakasogea kutazama, na mimi nikaona vizuri, wacha wawe mashahidi.

Nikaunganisha hewa. Kimya. Nikapaka povu kifuniko chote cha juu. Povu likakaa tu, likaanza kukauka. Nikapaka triga, nikapaka mdomo, nikageuza mashine juu chini. Hakuna hata kipovu kimoja kilichofura. Nikainamisha kichwa na kutega sikio, nikasikia jenereta peke yake. Sikuamini. Nikafunga hewa, nikafungua skrubu moja moja, nikainua kifuniko. Ndani kulikuwa safi. Pete zilikuwa mviringo kamili, laini, zinang'aa grisi kama nilivyomfundisha. Hakuna tone la mafuta ya injini. Alikuwa ameitunza ile mashine kuliko mimi ninavyoitunza yangu.

Kisha nikaona sanduku lake la vifaa liko wazi, na ndani yake pakiti zangu, zimefungwa vile vile nilivyozituma.

"Hizi nilituma zikuwe mapambo?" nikamuuliza.

"Dada, hizo sikuziomba."

"Uliniandikia sili!"

"Naam. Nilikuandikia sili."

"Si ndio hizi?"

Akanitazama. Uso wake ulikuwa umeingia ndani, na ni hapo tu nilipouona, kwa sababu muda wote nilikuwa natazama bunduki. Halafu mtu huyu ambaye alikuwa amewasahihisha wauza nyanya, aliyekataa miaka yote kuvaa matambara yetu, akasema taratibu, kwa Kiswahili cha nyuma ya duka alikozaliwa:

"Mimi sikuli, dada. Chakula inakataa kupita."

Nilikuwa bado nimeshika waya wa kung'olea pete. Sikujua niuweke wapi. Mafundi wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na mama wa hoteli, aliyekuwa amenifuata na kikombe cha maji, akasema nyuma yangu kwamba alidhani ni chakula chake. Alikuwa amebadilisha mapishi. Alijaribu anjera, ile chapati laini ya unga uliochachushwa, alijaribu wali, alijaribu uji wenye maziwa ya ngamia, na kila sahani ilirudi imechokolewa tu pembeni. Alikuwa amelia, alisema, kwa sababu hajawahi kurudishiwa sahani maishani mwake.

Nilimgeukia kaka nikamfokea. Ndiyo, nilimfokea mgonjwa. Nilimuuliza kwa nini pakiti zilipofika hakusema, kwa nini hakupiga simu tena, kwa nini hakumtuma mtu. Akasema alipopokea pakiti zile na kuona ni mipira badala ya neno la pole, alicheka peke yake, kisha akaona aibu kueleza. Simu nayo, alipiga, nikamwambia aangalie kwenye gari la miraa. Akaona labda Mungu ndiye hataki alalamike. "Mficha maradhi kilio humfichua," nikamwambia. Akajibu kwamba yeye hakuficha. Alisema mara tatu, mbili kwa maandishi.

Nilimkasirikia hata hivyo. Nilikasirikia Mombasa, shule, mtandao, na yule Mmeru na wimbo wake. Nilikuwa nimechoka, na hasira ndiyo nguvu pekee iliyobaki mwilini. Tulirudi na lori lile lile. Nilimlaza kichwa mapajani mwangu, mahali palipokuwa na mfuko wa pete, na nilishangaa jinsi kilivyokuwa chepesi.

Isiolo walituelekeza hospitali ya Meru, na huko wakamwingiza kamera kooni. Daktari alikuwa kijana mpole, akatuchorea njia ya chakula kwenye karatasi, akaweka uvimbe katikati yake, mkubwa kiasi kwamba tundu lililobaki lilikuwa dogo kuliko la pete zangu ndogo kabisa. Akaniuliza kama familia haikujua mapema.

"Tulijua mapema, daktari," nikamwambia. "Hatukuelewa."

Wakamwekea kibomba cha kupanua njia, ili maji na uji vipite, na wakatueleza kwa upole kwamba kibomba si dawa. Nikamleta nyumbani kwangu. Binti yangu akaja kukaa nasi. Nyumba yote ikageuka swali moja: umekula? Asubuhi umekula, mchana umekula, jirani akipita mlangoni, mzee amekula? Kaka alimeza uji kijiko kwa kijiko, macho yametoka, ili tu tunyamaze. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kumbe pia hamjui mtu ambaye hata njaa imemwacha.

Kilichomsumbua yeye ni kenchi. Alikuwa ametoa neno lake kwamba ataziunganisha zote, na zilikuwa zimebaki kidogo tu. Hakuniacha nilale. "Wewe waijua ile bunduki kunishinda," aliniambia. "Nenda ukanimalizie." Nilikataa. Akaendelea kuniomba mpaka nikaona kwamba ombi lile linammaliza kuliko ugonjwa. Msimamizi wa mjengo akakubali, labda kwa huruma, labda kwa sababu hakukuwa na mwingine. Nikarudi Garbatulla.

Sikuwahi kupigilia kenchi maishani, lakini alinichorea, na mbao zilikuwa zimeshakatwa. Nilizipanga chini kama alivyosema, nikapiga misumari nikiwa nimepiga magoti, na jioni magoti hayakukubali kunyooka. Mama wa hoteli aliniletea chai bila kuulizwa. Katikati ya kazi ile bunduki ikaanza kuvuja kweli, safari hii kwenye triga, mluzi mwembamba kama mbu. Nikaketi kwenye rundo la mbao, nikatoa pini ya triga, nikavuta kile kivalvu kidogo, nikang'oa pete yake iliyochoka. Kwenye sanduku pakiti zilikuwa bado ziko. Nikafungua moja. Nilipaka grisi nikaisukuma ndani kwa ncha ya kidole, polepole, kwa sababu macho yalikuwa yamechoka na ile pete ni ndogo kama tundu la sikio.

Simu ikalia mikono ikiwa bado na grisi. Laini siku hiyo ilikuwa safi kabisa, nilisikia hata kuku wa uani kwangu.

"Kenchi zinaendaje?"

"Zimebaki kidogo. Triga ilikuwa inavuja, nimebadilisha sili."

"Vizuri. Dada, nilitaka tu nikuambie. Leo nimekula. Nimekula uji yote, na mayai, nimeshiba. Usiharakishe kurudi. Maliza kazi."

Hakusema "naam". Alisema kila kitu kwa Kiswahili cha hapa, wazi, neno baada ya neno, ili nisikosee. Na kwa mara ya kwanza nilimwelewa papo hapo. Nilimwambia, "Vizuri, kaka. Nimefurahi." Kisha nikapangusa mikono, nikarudisha pini ya triga, nikamwendea msimamizi nikamwambia paa litangoja.

Nilimkuta hai. Binti yangu alinionyesha bakuli la uji kwa macho tu, limejaa, limeganda juu. Niliketi kando ya kitanda na nguo zangu za mavumbi. Tukakaa pamoja siku chache zilizobaki, tukaongea mambo ya utotoni na mengine ya kipuuzi, na katika siku hizo hatukumuuliza tena kama amekula.